Mipangilio ya Linux itoke kichwani mwa fundi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na tangu siku hiyo mashine nyingi ambazo bado ni nzima zimebaki njia panda. Windows 11 haiingii kwenye kompyuta yoyote tu: inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel vichakataji vinavyokubaliwa, ukiacha vichache, vinaanzia kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta ya mwaka 2015 yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane na diski nzuri inahesabiwa kuwa imepitwa na wakati. Katika shule, zahanati na ofisi nyingi za Afrika Mashariki, ambako si ajabu kompyuta kufika ikiwa imeshatumika ng'ambo, hizo ndizo mashine zenyewe. Wapenzi wa programu huria wana ushauri mmoja: wekeni Linux. Ushauri huo ni sahihi, ila umeishia katikati. Kuiweka Linux si kazi ngumu tena. Kazi ni kwamba mashine ikishanyooshwa mpaka ikafaa kwa shughuli za watu, unyooshaji huo haurithiki, haukopesheki wala hausomeki. Ninachodai ni kuwa Linux haitatulia kwenye meza za watu wa kawaida mpaka mipangilio ya mashine nzima iwe kitu kinachoandikwa na kupokezwa, na kwamba jitihada zinazotumika kuwahubiria watu waihamie zingezaa zaidi zikielekezwa hapo.

Tuangalie kazi inavyofanyika. Fundi anakuja na flashi yenye Ubuntu au Linux Mint, anaiwasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, na baada ya muda mfupi mfumo umeshakaa. Halafu ndipo siku inapoanza. Printa inatafutiwa draiva. LibreOffice inawekwa sawa ili karatasi iwe A4 na hati zihifadhiwe katika muundo ambao ofisi nyingine zitaufungua. Fonti zinaongezwa ili barua iliyoandikwa kwa Word isivurugike. Akaunti ya wanafunzi inanyimwa ruhusa ya kufuta programu, folda ya pamoja inaunganishwa, saa inafuata majira ya hapa, kivinjari kinapewa ukurasa wa kuanzia. Yote haya yanafanywa kwa kubofya hapa na kuandika amri pale, na jioni hakuna karatasi wala faili linaloeleza kilichofanyika. Mashine ya pili inaanza upya. Ya arobaini nayo inaanza upya, na kwa kuwa fundi ameshachoka anasahau mambo mawili matatu, hivyo maabara ya kompyuta arobaini inaishia kuwa na kompyuta za namna arobaini. Fundi cherehani makini huandika vipimo vya mteja kwenye daftari, ili hata akisafiri mwenzake akate kitambaa bila kumwita mteja upya. Fundi wetu wa kompyuta hana daftari, na mfumo anaoufanyia kazi haukumpa.

Haukumpa kwa sababu ya historia yake. Katika Unix, ambako Linux ilirithi desturi zake nyingi, kila programu ilijiamulia pa kuweka mipangilio yake, na mara nyingi ilijiwekea faili lililofichwa ndani ya folda ya mtumiaji, jina lake likianza na nukta. Rob Pike, mmoja wa wahandisi wa Bell Labs walioishi na Unix kwa miaka mingi, ameeleza kuwa ufichaji huo haukupangwa na mtu: ilikusudiwa tu kwamba orodha ya mafaili isionyeshe alama za folda yenyewe na folda mama, likaandikwa sharti fupi la kuruka kila jina linaloanza na nukta, na njia hiyo ya mkato ikageuka desturi ya dunia. Leo folda ya mtumiaji mmoja ina mafaili ya siri kwa makumi. GNOME, mojawapo ya mazingira makuu ya madirisha na menyu kwenye Linux, huweka chaguo nyingi katika hazina iitwayo dconf, ambayo haisomeki kwa macho mpaka itolewe kwa amri. KDE, mazingira mengine ya aina hiyo, hutumia maandishi ya kawaida, jambo jema, lakini humo humo inachanganya uamuzi wa mtu, kwa mfano kwamba anataka upau wa programu ukae juu, na hali ya mashine moja, kama vile vioo vingapi vimeunganishwa na dirisha liliachwa wapi. Ukilinakili faili kama hilo kwenda kompyuta nyingine unabeba na takataka. Hapa lawama ni ya watengenezaji. KDE ilianza 1996, GNOME 1997, na kwa miaka yote hiyo kitufe rahisi cha kutoa mipangilio yote na kuipeleka kwingine hakijawa jambo la kwanza kwa yeyote kati yao, ingawa mandhari na ikoni zimebadilishwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mlango wa kutokea ulishafunguliwa. Eelco Dolstra, Mholanzi, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2006 kuhusu Nix, njia ya kusakinisha programu ambamo kila programu hukaa mahali pake bila kukanyaga nyingine, na kila kilichosakinishwa kinajulikana kilitokana na nini. Juu ya wazo hilo ikajengwa NixOS, aina ya Linux ambayo mfumo wake wote huelezwa kwa maandishi, kwa kawaida katika faili liitwalo configuration.nix. Mstari mmoja unataja majira kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Mwingine unataja lugha, sw_TZ. Mwingine, services.printing.enable, ukiandikiwa true, unaleta huduma nzima ya kuchapa. Programu zinazotakiwa zinaorodheshwa kwa majina, kisha mfumo unajijenga kwa kufuata maelezo hayo. Kila badiliko linazaa kizazi kipya cha mfumo, na vizazi vya nyuma vinabaki kwenye orodha ya kuwashia, kwa hiyo mwalimu aliyeharibu jambo asubuhi anawasha upya na kuchagua hali ya jana. Faili la pili linaweza kufunga matoleo ya kila programu, ili mashine itakayojengwa Mwanza mwezi ujao ifanane na iliyojengwa Mombasa leo. Uhandisi huo una uzuri wake, lakini faida kubwa kwa shule au ofisi ni nyepesi kuliko hivyo: faili linasomeka. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mstari fulani upo, akaufuta, akaongeza wake, akampa jirani, na jirani akaona hasa nini kimebadilika tangu mara ya mwisho.

Wala sishabikii chombo kimoja. Guix inafuata mawazo yaleyale kwa lugha nyingine. Fedora Silverblue inaufunga mfumo usiguswe kiholela na kuubadilisha wote kwa pamoja kila unaposasishwa. Ansible, iliyotoka 2012 kwa ajili ya seva, inaweza kuipanga Ubuntu ya kawaida kwa faili la maelezo, na kwa ofisi iliyokwishazoea Ubuntu pengine hiyo ndiyo njia isiyo na maumivu. Kinachohitajika ni kwamba hali inayotakiwa ya mashine iwe imeandikwa mahali.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba dawa hii ni chungu kuliko ugonjwa. Nix ina lugha ngeni hata kwa wanaoandika programu kila siku, nyaraka zake zimetawanyika, na flakes, njia yake maarufu ya kufunga matoleo, ilitolewa mwaka 2021 ikiwa na lebo ya majaribio na lebo hiyo haikubanduliwa hata baada ya maelfu ya watu kuitegemea. Kumwambia katibu muhtasi ajifunze mambo hayo ni kumdhihaki. Nayakubali yote hayo, lakini pingamizi linamchanganya mwandishi na mtumiaji. Anayeandika mpangilio wa maabara ni mmoja, wanaoutumia ni mamia. Ugumu ukibebwa mara moja na mtu aliyelipwa kuubeba, shule nyingine zinabadilisha jina la shule na aina ya printa tu. Hali ya sasa ndiyo inayomtwisha kila mmoja mzigo kamili. Na hamu ya kutumia mpangilio wa mwenzako ipo, haihitaji kutengenezwa. David Heinemeier Hansson, Mdenishi aliyebuni Ruby on Rails, zana ya kujengea tovuti, alitoa Omakub mwaka 2024 na Omarchy mwaka 2025, ambazo ni chaguo zake mwenyewe juu ya Ubuntu na Arch (aina nyingine ya Linux) zilizofungashwa ili mwingine azipate kwa pamoja, na zikapata wafuasi haraka. Omarchy imejaa ladha ya mtu mmoja na inawalenga waandishi wa programu. Haitafaa ofisi ya kata. Lakini mapokezi yake yanaonyesha kuwa hata watu wanaojisifia uhuru wa Linux wako radhi kuanza na chaguo za mwingine, mradi mlango wa kuzibadilisha ubaki wazi.

Watasema wengine kuwa nakala ya diski ipo siku zote: Clonezilla itainakili mashine moja kwenye arobaini, na mchezo umekwisha. Kwa maabara ya mashine zinazofanana hilo ni suluhisho la msimu mmoja. Baada ya hapo nakala inazeeka, aliyeitengeneza anahama, na hakuna anayejua ndani kuna nini. Nakala mbili huwezi kuzilinganisha kwa macho, wala huwezi kuchomoa sehemu ya printa peke yake ukampa mwenzako. Hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya upande wa Windows: tangu mwaka 2000 Microsoft imekuwa na Active Directory na Group Policy, ambazo kwazo msimamizi anaamua mara moja na mashine elfu zinatii. Hilo nalikubali bila kinyongo. Naamini limezibakiza ofisi kubwa kwenye Windows kuliko hata mazoea ya Word, na kwa hiyo linaunga mkono ninachosema: anayenunua kompyuta kwa wingi ananunua uwezo wa kuzipanga kwa pamoja. Linux iliyokuja bila uwezo huo mkononi mwa mtu wa kawaida ilikuja kushindana mguu mmoja ukiwa umefungwa.

Ulaya imetupa mifano miwili ya kupimia. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuiacha Windows, na kufikia 2013 lilikuwa limehamisha takriban kompyuta 15,000 kwenye LiMux, Linux iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows, na tangu hapo kila anayetaka kuipinga Linux serikalini huitaja Munich kisha akanyamaza, kana kwamba jina hilo linatosha kuwa ushahidi. Lakini washauri waliolipwa na jiji lenyewe kuichunguza tehama yake mwaka 2016 waliona tatizo kubwa likiwa mgawanyo wa kazi kuliko mfumo wenyewe: vitengo vingi vya tehama, kila kimoja na njia zake, na mashine zilizobaki na matoleo yaliyopitwa na wakati. Katika miaka hiyohiyo Gendarmerie ya Ufaransa, polisi wenye hadhi ya kijeshi, ilikwenda hatua kwa hatua. Ilianza na OpenOffice mwaka 2005, ikafuata Firefox mwaka 2006, na kuanzia 2008 ikaleta Ubuntu iliyorekebishwa kwa ajili yake, GendBuntu, ambayo imesambaa kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta na haikurudishwa nyuma. Nionavyo, kilichozitenganisha hadithi hizi mbili ni kwamba askari wa kituo cha mashambani Ufaransa alipokea mashine ileile aliyopokea mwenzake wa Paris, iliyoamuliwa mahali pamoja. Mtu atanijibu kwamba Gendarmerie ni jeshi, na jeshini amri inatosha. Ni kweli. Shule za kata na zahanati za misheni hazina jenerali wa kuziamuru, na kwa sababu hiyo zinahitaji zaidi maandishi ambayo kila moja inaweza kuyachukua kwa hiari yake na bado zote zikafanana.

Usalama ni swali ambalo wanaopigia debe wazo hili hupenda kulipita mbio. Mpangilio wa mtu mwingine ukiwa na amri ndani yake, kuuchukua ni kumkabidhi mgeni funguo. Machi 2024 mtumiaji wa KDE alisakinisha mandhari ya kompyuta iliyowekwa na mtu mwingine katika duka la mandhari la KDE, ikamfutia mafaili yake. Haikuonekana kuwa hila. Ilikuwa skripti iliyoandikwa vibaya ndani ya kitu ambacho mtumiaji alidhani ni rangi na picha tu, na KDE ikalazimika kuwatahadharisha watu. Kuna na hatari ya upande wa pili, ya anayetoa: watu wamechapisha mafaili yao ya mipangilio hadharani yakiwa na manenosiri na funguo za seva ndani. Hatari zote mbili ni za kweli, na zinaeleza kwa nini namna ya kuandika ina uzito. Skripti inasema fanya hiki, kisha hiki, kisha futa kile, na hujui itafika wapi mpaka imeshafika. Maelezo ya hali yanasema mashine iwe na programu hizi, lugha hii na printa hii, na mtu mwenye ujuzi wa wastani anaweza kuyapitia na kuona kama kuna jambo geni. Hata hayo yanaweza kuficha amri, sikatai. Lakini uwanja wa kujificha umepungua sana. Manenosiri nayo yakae kwenye faili la pembeni lisilotoka ofisini. Ukilinganisha na fundi anayepiga Windows kwa flashi yenye programu ya kuvunja leseni aliyoipata asikojua, kama inavyofanyika mijini kila siku, sioni hatari mpya hapa ambayo hatukuwa tumeshaizoea katika sura mbaya zaidi.

Suala la bando lina jibu fupi. Kusasisha NixOS kunaweza kuvuta gigabaiti kadhaa, na mashine arobaini zikivuta kila moja kwa wakati wake shule itafilisika. Basi mashine moja ihifadhi vifurushi na nyingine zivichukue kwake kupitia mtandao wa ndani. Kwa Debian na Ubuntu kazi hiyo inafanywa na programu iitwayo apt-cacher-ng, na Nix ina utaratibu wake. Maelezo yenyewe ni kilobaiti chache. Yanatumwa kwa WhatsApp.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna sababu ya ziada. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi kubwa ya kutafsiri menyu na ujumbe kwa maelfu. Linux ya leo inaitambua sw_TZ na sw_KE, na orodha ya kibodi zake ina Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Kazi hizo zimefanyika na zimo ndani ya mashine. Hazionekani kwa sababu fundi akiwa na haraka huchagua Kiingereza cha Marekani kwenye ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, na hakuna anayerudi kubadilisha. Jasho la watafsiri linategemea mbofyo mmoja ambao hakuna anayelipwa kuubofya. Chaguo hilo la lugha likiwemo kwenye maelezo yanayopokezwa, Kiswahili kinakuwa hali ya kuanzia, na anayetaka Kiingereza ndiye atakayebofya.

Hatua zinazotakiwa zina gharama ndogo. Wahisani na halmashauri zinazojenga maabara za kompyuta ziandike kwenye mkataba kwamba mzabuni, siku ya makabidhiano, atatoa pamoja na funguo za chumba faili linaloweza kuijenga upya kila mashine iliyomo, na kwamba malipo ya mwisho yatasubiri mtu mwingine alijaribu na lifanye kazi. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania na ICT Authority ya Kenya, ambazo kazi yake ni pamoja na kuweka viwango, zinaweza kuchapisha mpangilio mmoja wa mfano kwa ofisi ndogo, ukiwa na Kiswahili, A4 na printa zinazouzwa hapa, kila mtu akauchukua. Vyuo vyetu vimpime mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa mashine ambayo mwenzake ameijenga kutoka kwenye maandishi yake bila kumuuliza swali. GNOME na KDE zitenganishe chaguo za mtu na hali ya mashine, kisha zituwekee kitufe. Na wewe fundi uliyesoma mpaka hapa, kazi yako ya wiki hii usiifunge kabla hujaandika ulichofanya, hata kwa faili la mistari ishirini, ukamwachia nakala mwenye mashine.